Trekta Huishi kwa Matunzo

Mvua za vuli zinapokaribia, barabara itokayo Msamvu, Morogoro, kwenda Dakawa na Dumila hujaa matrekta, na mengi kati yake yana umri mkubwa kuliko madereva wake. Utaona Massey Ferguson 135, 165, 265 na 290, hapa na pale Ford 5000, au Valmet ya Finland iliyounganishwa Kibaha miaka ya 1980. Rangi imepauka, taa za mbele hazipo, kiti kimeshonewa gunia. Nyuma linaning'inia jembe la diski tatu ambalo udongo umelisugua hadi likang'aa. Mpita njia huyaona kuwa mabaki. Mkulima wa Kilosa akiyaona, huuliza bei ya ekari.

Nataka kuyasifu matrekta haya, na zaidi kuwasifu watu wanaoyaweka hai. Trekta lililotoka kiwandani mwaka 1972 halilimi leo kwa sababu tu kiwanda kilikuwa hodari. Linalima kwa kuwa katika kila msimu, kwa miaka hamsini, alikuwapo mtu aliyepima oili kabla jua halijachomoza. Kazi hiyo haina jina kubwa, haipewi cheti wala kombe, lakini ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, adabu zake na uchungu wake.

Mipaka ya matrekta Morogoro imewekwa na milima. Juu Uluguru, kuanzia Mgeta na Nyandira hadi Matombo, mashamba yamelala kwenye miteremko ambayo mtu huipanda akijishikiza kwa mkono. Huko kazi yote ni ya jembe la mkono, na mboga za Mgeta zinazoliwa Dar es Salaam hutoka kwenye makinga yaliyochimbwa kwa nguvu za watu. Trekta hulima chini: tambarare za Mkata, Dakawa kando ya Mto Wami, Kimamba na Kilosa, na kusini mwa milima, Mvuha na Kisaki. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa hunata kwenye tairi hadi trekta linazama. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache zinazofaa kulima. Trekta likisimama wiki moja mwezi wa Desemba, hasara haihesabiwi kwa bei ya spea, huhesabiwa kwa msimu mzima wa mahindi au mpunga. Ndiyo maana matunzo hapa si mapenzi ya kupita ya watu wanaopenda vitu vya kale. Ni chakula.

Nchi hii ilipewa somo lake kubwa la matrekta mapema. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, mbele kidogo ya Gairo kwenye njia ya Dodoma. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yakiwa masalio ya vita kutoka Ufilipino. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers. Miezi michache haikupita, sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Mizizi ilivunja majembe, udongo mkavu ulikula vyuma, spea zilichelewa, na karakana zilikuwa chache mno kwa ukubwa wa kazi. Madereva walikabidhiwa mashine ambazo hakuna aliyepata muda wa kuwafundisha. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulivunjwa, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Fedha zilikuwapo na chuma kilikuwapo. Waliokosekana ni watu wanaolijua trekta moja moja, tabia yake na udhaifu wake, wenye nafasi ya kuliangalia kila asubuhi. Watu wa namna hiyo ndio walioko leo Dumila na Kimamba, bila hata senti moja ya mamilioni yale.

Haikutokea kwa bahati kwamba wengi wao wameishia na Massey Ferguson. Harry Ferguson, mhandisi wa kaskazini mwa Ireland, alilifunga jembe kwenye trekta kwa mikono mitatu: miwili ya chini huvuta, mmoja wa juu husukumwa. Udongo unapokaza, jembe hukaza nao, mkono wa juu hupeleka habari kwenye haidroliki, na jembe huinuliwa kidogo huku uzito wake ukihamia kwenye tairi za nyuma. Kwa njia hiyo trekta jepesi liliweza kazi iliyokuwa ya trekta zito. Trekta lake la TE20 lilianza kutoka katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, mwaka 1946, na hadi 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya nusu milioni. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Katikati ya miaka ya 1960 ikaja 135, yenye injini ya dizeli ya Perkins, silinda tatu, lita 2.5. Banner Lane ilifungwa mwishoni mwa 2002 baada ya kuunda matrekta zaidi ya milioni tatu, lakini michoro yake ilikuwa imeshahamia kwingine. TAFE ya India na Millat ya Pakistan ziliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huohuo. Kwa sababu hiyo pistoni, ringi na gasketi za injini iliyobuniwa kabla ya Uhuru bado zinapatikana kwenye maduka ya spea, kwa bei ambayo mkulima anaweza kuilipa baada ya mavuno.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Siku ya mtunzaji mwema huanza injini ikiwa baridi. Huchomoa kipimo cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Haangalii kiasi tu. Huisugua oili kati ya vidole viwili: ikiwa nyembamba mno na inanuka dizeli, kuna dizeli inayovuja hadi chini, ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na trekta haliwashwi siku hiyo. Hufungua rejeta, hutazama maji, kisha hutazama upande wa mbele wa rejeta ambako mbegu za nyasi na makapi hujazana hadi hewa ikakosa njia. Hupitisha grisi kwenye kila nipeli, kuanzia pini ya ekseli ya mbele hadi viungo vya usukani, na haachi kubonyeza hadi grisi chafu itoke na grisi safi ionekane. Hugonga tairi kwa nyundo na kusikiliza. Huzungusha nati za magurudumu kwa spana ingawa jana zilikuwa zimekaza.

Kisha hufungua chujio la hewa. Katika matrekta ya rika hili, hewa hupita kwanza kwenye bakuli la oili ambalo hunasa vumbi. Wakati wa kulima ardhi kavu bakuli hilo huweza kujaa tope zito kwa siku moja. Mvivu huongeza oili juu ya tope. Mtunzaji humwaga yote, huosha bakuli kwa dizeli, hulifuta, kisha hujaza oili hadi kwenye alama na haizidishi hata kidogo, kwa sababu injini inaweza kuivuta oili iliyozidi na kuiunguza kama mafuta, ikakimbia bila kudhibitika. Kazi hiyo haifiki hata nusu saa. Vumbi linaloachwa lipite husaga ringi na silinda kama msasa, na ovahoo itakayofuata hugharimu mapato ya ekari nyingi. Wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwenye mafuta ndiko ufundi wa dizeli unakojionyesha zaidi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Dizeli haina cheche: hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ichemke kwa kubanwa tu, kisha nozo hunyunyiza dizeli kwa ukungu mwembamba sana, nayo huwaka yenyewe. Kila kitu kinategemea usahihi wa mnyunyizo huo, na usahihi huo uko ndani ya pampu. Pampu ya CAV ya aina ya DPA, iliyofungwa kwenye Perkins nyingi, ina vipande vya chuma vilivyosuguliwa vikakaribiana kiasi kwamba unywele wa mtu hauwezi kupita katikati. Tena pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Kwa hiyo maji kidogo, mchanga kidogo, au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huiua polepole. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Kwenye magazeti ilikuwa habari ya uchumi. Kwa mwenye trekta ilikuwa habari ya uhai wa pampu. Hata leo, mtunzaji huyaacha madumu yake yatulie usiku kucha, humimina kupitia kitambaa safi, na hayamalizi madumu hadi chini.

Hewa ikiingia kwenye mabomba ya mafuta, injini huzima na haiwaki tena. Kutoa upepo ni kazi ambayo kila dereva wa trekta hujifunza, na wachache huifanya vizuri. Utaratibu wake hauna njia ya mkato: kwanza legeza skrubu kwenye chujio la dizeli, piga pampu ndogo ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye pampu kubwa, legeza skrubu zake moja baada ya nyingine, piga tena, kaza. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozo, zungusha injini kwa staata hadi dizeli iruke, kaza. Anayeanzia kwenye nozo hurudi mwanzo. Anayekaza kwa hasira hukata nyuzi za skrubu, na msimu wake umekwisha hapo.

Injini ikishawaka, ndipo mtunzaji husikiliza. Silinda tatu za Perkins huwaka kwa mfuatano wa 1, 2, 3, na zikiwa sawa hutoa mlio wa mizani, kiasi kwamba sikio lililozoea hulitambua trekta lake hata likiwa nyuma ya mashamba ya miwa. Moja ikilegea, mizani huvunjika. Fundi hulegeza nati ya bomba la nozo moja injini ikiwa inanguruma. Mlio ukidhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Kisha huutazama moshi. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio limeziba, au jembe limeingia kina kisichowezekana. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo ringi au vali ndizo za kushukiwa. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata joto unaweza kuwa dizeli isiyowaka vizuri, au maji yanayopita kwenye gasketi ya silinda hedi.

Hata hivyo fundi mzuri huanza na maneno kabla ya spana. Kijana atafika gereji, atamwamkia, "Shikamoo, fundi," naye akishaitikia marahaba atauliza: lilianza lini, lilizima ghafla au lilififia, moshi ulikuwa wa rangi gani, mafuta ulijaza wapi, nani alilifungua mara ya mwisho? Swali la mwisho ndilo zito. Matatizo mengi ya matrekta ya zamani yameachwa na mkono uliotangulia: bolti laini mahali pa bolti ngumu, gasketi ya kukatwa kwenye boksi, chujio lililotobolewa ili dizeli ipite upesi. Sehemu kubwa ya ufundi wa matunzo ni kurudisha kilichoharibiwa na haraka. Sehemu nyingine ni kujua kipi cha kutoguswa. Tapeti hupimwa kwa fila, zikipata nafasi yake, 0.30 milimita injini ikiwa baridi, hukazwa na kuachwa. Pampu haifunguliwi chini ya mwembe. Hupelekwa kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Kukubali kwamba kazi fulani si yako ni adabu ya kwanza ya ufundi.

Ukiwa na hamu ya kuona ufundi huu ukiwa wazi, subiri siku ya kubadilisha klachi. Massey Ferguson halina chasisi. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa pamoja na zenyewe ndizo mgongo wa trekta. Kuifikia klachi maana yake ni kulitenganisha trekta vipande viwili. Mafundi hutafuta ardhi ngumu iliyo sawa, hupigilia kabari za mti kati ya ekseli ya mbele na kitako chake ili injini isipinduke upande, huweka jeki na magogo chini ya nusu zote mbili, hufungua bolti za kiunoni, kisha husukuma nusu moja taratibu kwa mikono. Trekta zima hufunguka katikati. Kulirudisha ni kugumu zaidi: shafti lazima iingie kwenye meno yake bila kulazimishwa, watu wawili wakisukuma na wa tatu akizungusha kidogo kidogo. Bolti haziruhusiwi kuvuta. Ikibidi zivute, kuna kilichopinda, na fundi hurudi nyuma kuanza upya. Nimeiona kazi hiyo ikifanywa na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini, bila kupigiana kelele, na kila mmoja anajua mkono wa mwenzake uko wapi.

Krenki nayo hudai subira ya namna nyingine, ya miaka. Injini ikichoka, krenki hupelekwa kukerezwa na kufungwa beringi nene zaidi. Mafundi huita saizi hizo teni, twenti na thati, yaani elfu za inchi zinazoondolewa. Kila hatua ni kama robo ya milimita. Baada ya thati krenki imefika mwisho. Mmiliki mwenye busara hujua krenki yake iko hatua gani, na huiandika kwenye daftari pamoja na tarehe za kubadilisha oili. Daftari hilo likikosekana, mnunuzi ananunua gizani.

Milima ikiwa karibu, kuna jambo moja ambalo dereva lazima alijue kwa moyo. Baadhi ya matrekta haya yana mfumo wa Multi-Power, unaobadilisha kasi bila kukanyaga klachi. Kasi ya juu hushikwa kwa nguvu ya haidroliki. Kasi ya chini hupita kwenye gia inayosukuma upande mmoja tu, na magurudumu yakitaka kukimbia kuliko injini, huachiwa yakimbie. Ukishuka mteremko wa Kinole au Kiroka na tela la ndizi ukiwa kwenye kasi ya chini, injini haikuzuii, na unabaki na breki peke yake. Kinyume na mazoea ya dereva wa lori, hapa mteremko hushukwa kwenye kasi ya juu ya Multi-Power, na gia kuu ikiwa ndogo. Chanzo hichohicho hufanya trekta la aina hiyo lisiwake kwa kusukumwa, kwa kuwa injini ikiwa imezima hakuna nguvu ya haidroliki. Lile lisilo na Multi-Power huegeshwa kwenye mteremko na kuwashwa bila betri, hili haliwezi. Maarifa kama haya hayamo kwenye chuma, yamo kwa watu, na yakipotea yanapotea na maisha. Mengi ya matrekta haya hayana hata fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Napenda kila anayeyapenda aanze na hilo: fremu ifungwe, na kinga ya shafti ya nyuma irudishwe mahali pake.

Ujuzi huu ulikomaa wakati wa shida. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni na spea zikawa adimu. Trekta moja lililokufa lililisha mengine manne. Bushi zilikerezwa kutoka chuma kilichopatikana. Mang'ula, kule Kilombero, karakana waliyoijenga Wachina wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA iligeuzwa kuwa kiwanda cha mashine. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Ngerengere, viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kilombero, na shamba la mpunga la shirika la umma la NAFCO pale Dakawa, vyote vilikuwa na karakana, na vijana waliingia humo wakianza kwa kuosha nati kwenye dizeli. Mashirika mengi ya umma yalipofikia mwisho, matrekta yalibaki kwa watu, na mafundi walibaki na mikono yao. Wengi wa kizazi hicho sasa ni wazee.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kila Agosti, viwanja vya Nane Nane vya Morogoro hupangwa matrekta mapya yanayong'aa, na ni vizuri, kwa sababu wakulima wanayahitaji. Ningependa kando yake pawepo turubai moja lenye trekta la zamani lililofunguliwa, na mzee mmoja aliyetoka karakana za mkonge akionyesha namna ya kutoa upepo, ya kupima tapeti, ya kuosha bakuli la hewa. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko mjini humohumo, chini ya mlima, na wanafunzi wake wa uhandisi wa kilimo wangetoka pale na kitu ambacho darasa peke yake halitoi. Wenye matrekta nao wangejifunza kuandika daftari.

Na kwa anayefikiria kununua trekta la zamani, ushauri wangu ni mmoja: mtafute fundi kabla ya trekta. Nenda naye ukalitazame likiwa baridi, kwa kuwa muuzaji mjanja hulipasha moto kabla hujafika. Mwache yeye asikilize. Akisema liache, liache hata kama rangi ni mpya. Akisema lichukue, basi umepata zaidi ya mashine. Umeingia kwenye mlolongo wa watu waliolitunza kabla yako, na unadaiwa kulikabidhi likiwa zima. Matrekta mapya yatakayouzwa Nane Nane mwaka huu nayo yanaweza kulima kwa miaka hamsini, lakini ni pale tu tutakapowafundisha leo vijana watakaoyatunza.